Radiali na bayasi: ukibadilisha tairi kwenye mbio za dragi unakuwa umebadilisha nini hasa

Nianzie Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa wale mafundi wanaoshona katambuga. Simama pale siku moja uangalie fundi anavyokata tairi kuukuu la trekta au la power tiller, kisu kinapita vizuri tu, halafu inama uangalie pale palipokatwa, utaona nyuzi zimelala mshazari, safu moja inaelekea kulia, ya juu yake inaelekea kushoto, zinakatana kama iksi. Hilo ndo tairi la bayasi plai, wengi huku tunaliita nailoni. Sasa mpe yule fundi tairi la gari dogo la siku hizi akate pale kwenye kashata, yaani ile sehemu inayokanyaga lami. Kisu kinagoma, kuna waya.

Hilo la waya ndo radiali. Nyuzi zake hazijalala mshazari, zimenyooka kutoka mdomo mmoja wa tairi mpaka mdomo wa pili, kama mbavu zilivyozunguka kifua, halafu juu yake, chini ya kashata, umefungwa mkanda wa waya. Kwenye malori makubwa hata zile mbavu zenyewe ni waya. Michelin wa Ufaransa walisajili haki ya uvumbuzi wa hiyo kitu 1946 na ikaingia sokoni 1949, kwa hiyo sio teknolojia mpya kama watu wanavyodhani.

Tofauti kubwa iko hapa na naomba uishike maana mengine yote yanatoka humu. Kwenye bayasi ubavu na kashata ni kitu kimoja, nyuzi ni zilezile, ubavu ukikunjika kashata nayo inavutwa inajikunja. Kwenye radiali ubavu unafanya kazi yake na kashata inafanya yake, ubavu unabonyea lakini kule chini mkanda unabaki umelala chini. Ndo maana radiali haichoshi injini kuisukuma, haipati moto sana, na kwenye spidi gari inatulia.

Sasa tuje kwenye dragi. Hizi ni mbio za mstari ulionyooka, mita 402 au nusu yake 201, magari mawili yanaondoka yakiwa yamesimama, na mara nyingi kesi inaishia kwenye ile nusu sekunde ya kwanza, tairi imeshika au imeslip. Kwa miaka mingi Marekani walikuwa wanafunga vipara vya bayasi, na hapa kipara sio tairi iliyokwisha, imetengenezwa hivyo makusudi, kashata yake ni bapa haina vijino, mpira laini, upepo mdogo kabisa. Dereva akikanyaga unaona ubavu unajikunja makunyanzi kama shati lililolowa, ringi imeshaanza kuzunguka kashata bado iko palepale. Lile kunyanzi ni springi. Linameza ule mshtuko halafu linaurudisha taratibu, na hata tairi ikislip kidogo bado inavuta, dereva anaachia mafuta kidogo, anakanyaga tena, gari inaendelea.

Radiali haina huruma hiyo. Chukulia Fuso la viazi limenasa tope kule njia ya Isyonje msimu wa mvua. Ukilivuta kwa kamba ya nailoni, kamba inanyooka kidogo kwanza halafu ndo inavuta, hata ukianza kwa pupa inakusamehe. Ukilivuta kwa mnyororo, hakuna cha kunyooka, nguvu inafika yote kwa mkupuo, ukiwa umekaza polepole kabla ya kuvuta utalitoa haraka kuliko kamba, ukikurupuka kitu kinakatika. Radiali ni mnyororo. Ikishika imeshika kabisa, lakini ikishaachia lami kuirudisha ni shughuli, mara nyingi hiyo raundi imekwenda.

Kwa hiyo mtu akitoa bayasi akafunga radiali bila kugusa kingine, halafu akasema radiali mbovu, mimi naona kosa sio la tairi. Ile kazi iliyokuwa inafanywa na ubavu lazima ihamie kwingine: shokapu na springi za nyuma ziwekwe upya ili uzito uje nyuma kwa mpangilio sio kwa kishindo, na nguvu ya injini pale mwanzo ipunguzwe kisha iongezwe gari ikishatembea. Upepo nao hautakuwa uleule, radiali kwa kawaida inataka zaidi kuliko kipara cha bayasi. Hata kuunguza tairi kabla ya kuanza, yaani kuizungusha palepale ipate moto, hakuhitaji kuwa kurefu vile.

Kuna na hili la gia ambalo wengi wanalisahau. Bayasi ikizunguka kwa kasi inavimba, kimo kinaongezeka, yaani ni kama umeongezewa gia ndefu mwisho wa uwanja. Radiali mkanda wa waya unaibana haivimbi hivyo, ukibaki na difu ileile unaweza kukuta injini inalia juu sana kabla hujamaliza. Pima kwanza.

Je radiali ndo kali kuliko? Inategemea gari. Kuna daraja kule Marekani linaitwa Radial vs the World, wanafunga radiali tu nyuma na wanamaliza mita 201 chini ya sekunde 4. Lakini zile gari za daraja la Top Fuel, ambazo ndo kali kuliko zote na tangu 2008 zinakimbia mita 305, mpaka leo ziko kwenye bayasi, kwa sababu injini yenye nguvu zile inahitaji ubavu unaokunjika.

Kitu kimoja usikifanye, hata kwa gari la kutembelea tu: kuchanganya. Bayasi nyuma na radiali mbele, gari likishika spidi mkia unaanza kucheza, na ekseli moja kuwa na aina mbili ndo hatari kabisa. Kabla hujalipa soma ubavuni. 7.50-16 yenye kistari ni bayasi, 7.50R16 yenye R ni radiali, na muuzaji akikwambia ni zilezile mwambie azigeuze zote usome mwenyewe.