Displasia ya nyonga kwa mbwa wakubwa: kuitambua mapema, kuipima na kuishi nayo

Mtoto wa German Shepherd huzaliwa na nyonga nzima. Displasia, yaani kiungo cha nyonga kujijenga vibaya, huanza katika wiki na miezi ya mwanzo, mifupa ikiwa bado laini. Kano zinazoshikilia kichwa cha mfupa wa paja ndani ya kikombe cha nyonga zinalegea na kichwa kinachezacheza. Kikombe hujijenga kwa kufuata kichwa kilichotulia ndani yake. Kichwa kisipotulia, kikombe kinakua bila kina. Mbwa akiendelea kukimbia na kiungo hicho, gegedu huchubuka, mfupa mpya huota pembezoni, na maumivu yanakuwa ya kudumu.

Ulegevu huo hurithiwa, tena kupitia jeni nyingi kwa pamoja, ndiyo maana wazazi wanaotembea vizuri huweza kuzaa watoto wagonjwa. Lakini jinsi ugonjwa utakavyokuwa mkali hutegemea sana uzito, chakula na mazoezi ya mbwa katika mwaka wake wa kwanza, na hayo yako mikononi mwa mfugaji. German Shepherd, Rottweiler na Boerboel wanaolinda mageti mengi Tanzania na Kenya wote wamo katika mbegu zinazosumbuliwa zaidi, pamoja na Labrador na Golden Retriever.

Dalili huja katika vipindi viwili. Cha kwanza ni kati ya miezi 4 na 12: mtoto anachoka mapema, anakaa chini katikati ya mchezo, na anapokimbia au kupanda ngazi anarusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Wengi wao huonekana kupata nafuu wakikomaa, kwa sababu tishu zinazozunguka kiungo zimekuwa nene na kukikaza. Hapo mwenye mbwa huamini amepona. Kipindi cha pili huja miaka kadhaa baadaye, kiungo kikiwa kimeshasagika: mbwa anaamka kwa shida asubuhi, anachangamka baada ya kutembea kidogo, na kesho yake baada ya shughuli nyingi anachechemea.

Msimamishe mbwa mahali tambarare, umtazame kwa nyuma. Mwenye nyonga mbovu mara nyingi husogeza miguu ya nyuma karibu karibu, huku kiuno kikiyumba kulia na kushoto anapotembea. Weka viganja kwenye mapaja yake, kisha kwenye mabega. Mapaja membamba na mabega mapana maana yake ni kwamba uzito umehamia mbele kwa muda mrefu. Mpige video kwa simu akitembea kukuelekea, akikuacha, na kwa ubavu, kwenye ardhi isiyoteleza. Video hiyo ina manufaa makubwa, maana mbwa wengi wakifika kliniki huficha kuchechemea kwa sababu ya woga.

Si kila anayechechemea nyuma ana displasia. Kano ya goti iliyokatika hufanana nayo sana, na mbwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo goti lazima lipimwe kabla ya kulaumu nyonga. German Shepherd mchanga anayechechemea leo mguu huu na wiki ijayo mwingine huenda ana uvimbe wa ndani ya mifupa ambao hupita wenyewe. Mzee anayeburuta kucha bila maumivu yoyote huenda ana ugonjwa wa uti wa mgongo. Na katika mazingira yetu yenye kupe, homa pamoja na viungo vinavyouma ni sababu tosha ya kupima damu kutafuta erlichia, ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Daktari wa mifugo akishamkagua mbwa, humpa dawa ya usingizi kwa sababu mbili. Kwanza, kipimo cha Ortolani, ambacho daktari husukuma paja kuelekea nyonga kisha akalifungua taratibu akisikilizia mkononi kichwa kikirudi kikombeni kwa mshtuko, hakiaminiki misuli ikiwa imekaza. Pili ni eksirei. Mbwa hulazwa chali, miguu ya nyuma ikavutwa ikanyooka sambamba na kuzungushwa kidogo kwa ndani. Omba uonyeshwe picha. Vifupa vya mbele ya magoti (pia) viwe katikati ya mapaja, na matundu mawili ya nyonga yalingane kwa ukubwa. Nyonga ikiinama upande mmoja, kikombe cha upande huo huonekana kibaya au kizuri kuliko kilivyo, na picha hiyo irudiwe. Katika nyonga nzuri, angalau nusu ya kichwa imefunikwa na kikombe, na pembe ya Norberg, inayopima kichwa kimekaa vipi kikombeni, ni nyuzi 105 au zaidi.

Umri wa kupiga picha una maana. Shirika la OFA la Marekani hutoa cheti cha nyonga kuanzia miezi 24, na mfumo wa FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa), unaopanga nyonga kwa herufi A hadi E, huanza mwaka 1, au miezi 18 kwa mbegu kubwa kupindukia. Mfumo wa Uingereza hutoa alama 0 hadi 53 kwa kila nyonga, na alama ndogo ndiyo nzuri. PennHIP, njia nyingine ya eksirei, hupima ulegevu wenyewe kuanzia wiki 16, lakini huhitaji daktari aliyefunzwa na kifaa maalumu. Hata pasipo kifaa hicho, mtoto wa miezi mitano anayerusha miguu miwili asisubiri atimize miaka miwili. Kumbuka pia kwamba picha na maumivu haviendi sambamba daima. Tunamtibu mbwa anayeumia, hatutibu filamu.

Kwenye chakula ndiko makosa mengi hutokea, nayo ni ya aina mbili zinazopingana. Mtoto anayelishwa ugali na mapupu au nyama tupu hukosa kalsiamu, maana nyama ina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu mara kumi na zaidi. Mifupa yake hulainika na hata kuvunjika. Kwa upande wa pili, mtoto anayekula chakula cha dukani kilichokamilika halafu akaongezewa vidonge au unga wa kalsiamu "ili mifupa iwe imara" huzidishiwa. Mtoto wa mbegu kubwa hana uwezo wa kuzuia kalsiamu ya ziada isiingie mwilini, na mifupa yake hukua vibaya. Soma mfuko: kiwe chakula cha watoto wa mbwa wa mbegu kubwa, chenye kalsiamu isiyozidi asilimia 1.8 ya lishe kavu, na usiongeze chochote. Anayepika nyumbani amwombe daktari ampigie hesabu. Kijiko cha chai cha ganda la yai lililosagwa laini kina kalsiamu karibu gramu 2, kiasi kikubwa mno kukikisia tu.

Mpimie chakula, usiache bakuli limejaa kutwa. Katika utafiti mmoja wa Marekani, Labrador 48 waligawanywa jozi jozi na kufuatiliwa maisha yao yote. Waliopewa robo pungufu ya chakula cha wenzao walipata usagikaji mdogo wa nyonga na kwa wastani waliishi karibu miaka miwili zaidi. Mbavu za mtoto ziguswe kirahisi bila kubonyeza, na kiuno kionekane ukimtazama kwa juu. Mtoto mnene anapendeza, lakini nyonga zake ndizo zinazobeba gharama.

Hadi miezi mitatu asipande ngazi kila siku, ila aachwe acheze huru kwenye nyasi au udongo. Vigae vinavyoteleza vitandikwe mikeka. Kumfunga mnyororo wiki nzima kisha kumkimbiza kilomita kadhaa Jumapili ni kumwumiza.

Kwa mbwa mzima mwenye displasia, kupunguza uzito hutangulia dawa. Mwenye kilo 42 anayepaswa kuwa na 34 apungue asilimia 1 hadi 2 kwa wiki, yaani gramu 400 hadi 800, na apimwe kila baada ya wiki mbili. Kuchechemea huanza kupungua hata akipoteza asilimia 6 tu. Atembezwe kwa kamba dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, kwenye udongo. Kuogelea ni bora zaidi, na wakazi wa pwani wana bahari bure. Alale kwenye godoro nene, si saruji.

Dawa zina hatari ambayo watu wengi hawaijui. Ibuprofeni na diklofenaki husababisha vidonda vya tumbo na kuharibu figo za mbwa, na paracetamol huweza kuharibu ini lake. Meloksikamu hutumika, miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku. Mbwa wa kilo 30 anahitaji miligramu 6 siku ya kwanza, kisha 3 kwa siku. Kidonge cha binadamu cha miligramu 15 ni sawa na dozi hiyo ya 3 ya siku tano kwa mkupuo. Isitolewe pamoja na deksamethazoni wala prednisoloni, wala kabla ya damu kuonyesha figo, ini na chembe sahani (zinazogandisha damu) vikoje, kwa kuwa erlichia hupunguza chembe sahani na damu huvuja kirahisi. Akitapika au kinyesi kikiwa cheusi, acha dawa na mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Upasuaji una nafasi yake na wakati wake. Kuunganisha mfupa wa kinena ili vikombe vizunguke na kufunika vichwa hufaa wiki ya 12 hadi 20 tu. Kukata na kugeuza nyonga hufaa miezi 5 hadi 10, kabla ya usagikaji. Kiungo bandia hutoa matokeo bora lakini hupatikana mahali pachache. Njia inayofikika zaidi ni kuondoa kichwa na shingo ya paja ili misuli ijenge kiungo kipya. Kipande kikisalia, kitasugua na kuuma. Na mbwa asifungiwe baada ya upasuaji huu: atembezwe pole pole kuanzia siku za kwanza, la sivyo mguu unakakamaa. Mbwa mwepesi hupona vizuri kuliko mzito.

Unaponunua mtoto, dai eksirei za baba na mama, zenye jina la mbwa, tarehe na namba ya chipu ndani ya filamu yenyewe. Mwenye displasia asizalishwe, hata kama ndiye mlinzi hodari kuliko wote. Mbwa wa mbegu kubwa asihasiwe kabla ya kumaliza kukua, isipokuwa kuna sababu ya kiafya: kuhasiwa kabla ya mwaka 1 kumehusishwa na matatizo zaidi ya viungo.