Ukuta wa kuzuia udongo: kazi yake, na kwa nini mawe makavu huuweza

Ukuta wa kuzuia udongo hujengwa pale ardhi ilipokatwa, ili udongo wa upande wa juu usiteremkie upande wa chini. Ukiutazama kwa mbele hufanana na ukuta wa uzio, na hapo wengi hukosea. Ukuta wa uzio una hewa pande zote mbili. Ukisimama wima, umemaliza kazi. Ukuta wa kuzuia udongo una hewa mbele na kilima mgongoni, na kilima hicho huusukuma usiku na mchana kwa maisha yake yote. Kwa hiyo fundi hodari wa uzio si lazima awe fundi wa ukuta huu.

Kampala tunauhitaji sana. Mji umekaa juu ya vilima, na anayejenga Makindye, Naguru au Muyenga hana budi kukata mteremko ili apate uwanja wa nyumba. Akishakata, hubaki ukingo wa udongo mwekundu uliosimama wima. Wakati wa kiangazi ukingo huo ni mgumu hata sururu inadunda. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, ndizo zinazoupima.

Adui wa ukuta huu ni maji. Udongo ukilowa huwa mzito na hupoteza mshikano wake. Hilo ni baya, lakini kuna baya zaidi: maji yakikosa pa kutokea hujikusanya nyuma ya ukuta na kuanza kusukuma kwa nguvu zao wenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Tena msukumo huongezeka kadiri unavyoshuka chini, ndiyo maana ukuta wa mita 2 haukabili mzigo mara mbili ya ule wa mita 1, bali mara nne. Kila mtu ameshaona ukuta uliopigwa plasta safi, bila tundu hata moja, ukianza kutoa tumbo baada ya misimu michache. Majirani husema fundi alibana simenti. Mara nyingi simenti ilitosha kabisa. Kilichosahauliwa ni njia ya maji.

Ukuta wa mawe makavu huipata njia hiyo bila kutafutiwa. Ni ukuta uliopangwa jiwe juu ya jiwe bila simenti, unaosimama kwa uzito wa mawe yenyewe na jinsi yanavyobanana. Maji hupenya katikati yake na kutoka mbele. Ujenzi huu si mgeni kwetu Afrika Mashariki: ng'ambo ya mpaka, karibu na Migori nchini Kenya, boma la Thimlich Ohinga lilijengwa kwa mawe makavu, kuta zake zikifika zaidi ya mita 4 mahali pengine, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Boma lile halizuii udongo, lakini linaonyesha mawe yaliyopangwa kwa akili yanavyoweza kukaa.

Kupanga huko kuna kanuni zake. Msingi huchimbwa hadi kwenye moramu ngumu, yaani udongo mwekundu wa changarawe, walau sentimita 30 kwa ukuta mdogo wa bustani, na mawe makubwa kuliko yote huenda huko chini, hata kama yanapendeza na ungetaka yaonekane. Upana wa kitako uwe karibu nusu ya kimo cha ukuta. Uso wa ukuta usisimame wima. Uegemee kilima, kiasi cha sentimita 10 nyuma kwa kila sentimita 60 za kwenda juu. Kila jiwe likalie mawili, ili mwanya wa mstari wa chini usikutane na mwanya wa mstari wa juu. Na jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alisimamie kwa macho yake: urefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta. Fundi mwenye haraka hulaza jiwe upande wake mpana ukitazama nje, kwa kuwa hivyo hufunika eneo kubwa na kazi huonekana inakwenda. Anachojenga hapo ni ganda tu. Hapa na pale liwekwe jiwe refu la kufunga, linalotoka usoni hadi mgongoni.

Nyuma ya mawe usirudishe udongo uliochimbwa. Jaza kokoto, upana wa sentimita 30 hivi, kuanzia chini hadi karibu na juu. Bila kokoto, tope jembamba huziba nafasi kati ya mawe, na maji hubaki mgongoni pale pale. Anayependelea simenti anaweza kuitumia, lakini aache matundu karibu na kitako, yenye kipenyo cha sentimita 5 au zaidi, kila baada ya mita 1.5 hadi 2, na kokoto nyuma yake vilevile.

Mawe yenyewe tunayo. Kisoro, chini ya mlima Muhabura, wakulima huyatoa mawe meusi ya volkano mashambani na kuyapanga pembezoni. Kampala na viunga vyake hupata mawe magumu ya machimbo, yanayouzwa kwa tripu ya lori. Chagua yenye nyuso mbili bapa. Mawe ya mviringo hutoroka.

Ukuta unaozidi mita moja hivi, au ulio na nyumba, barabara au mteremko mkali juu yake, ni kazi ya mhandisi. Na kuna ardhi ambayo ukuta wa bustani hauiwezi hata kidogo. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, kama ile ya Bududa ambako kijiji cha Nametsi kilifunikwa Machi 2010, udongo huteleza kwenye tabaka lililo chini sana kuliko msingi wowote wa fundi. Huko ukuta hubebwa pamoja na ardhi iliyo chini yake. Asiuziwe mtu matumaini.

Ngazi za bustani hufuata mantiki ileile, kwa sababu kila kidato ni ukuta mdogo unaozuia udongo wa kidato kilicho juu yake. Hujengwa kutoka chini kwenda juu. Jiwe la kwanza huzikwa nusu ili lisisukumwe mbele, na ukingo wa mbele wa kila jiwe hukalia mgongo wa jiwe la chini yake. Kimo mara mbili ukijumlisha na upana wa pa kukanyaga, upate kati ya sentimita 60 na 65. Kwa mfano kimo cha 15 na upana wa 33. Vimo vyote vilingane, maana mguu ukishazoea kimo kimoja hujikwaa kwenye kinachotofautiana. Kila jiwe liinamie mbele sentimita moja ili maji yasituame na kuotesha ukungu. Kabla ya kuliwekea jingine juu yake, simama kwenye kona zake zote. Likitikisika, liinue na upange upya kokoto za chini, kwani ukilirekebisha baadaye utalazimika kubomoa vidato vyote vilivyo juu yake.