Mguu Mmoja, Ngazi 38

Kwa miaka 9 nimekuwa nikiwapa wagonjwa wangu karatasi moja yenye mistari sita. Asikanyage mguu uliovunjika. Aunyanyue juu. Achezeshe kifundo kila saa. Akaze paja mara tatu kwa siku. Ale vizuri. Arudi baada ya wiki 6. Nawasomea, mgonjwa anaitikia kwa kichwa, ndugu zake wanasema "tumeelewa, daktari" (mimi si daktari, ni mtaalamu wa mazoezi tiba, lakini ukishavaa koti jeupe hapa Mwanza umeshabatizwa), kisha wanaondoka. Huko wanakokwenda sikuwahi kupawazia hadi karatasi ile ile ilipoletwa nyumbani kwangu, ndani ya bahasha ya picha za eksirei, pamoja na mume wangu.

Aligongwa na pikipiki barabara ya Makongoro, jioni, akitoka Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Yeye ni fundi wa injini za mitumbwi. Mfupa wa muundi ulipasuka kule juu unakobeba goti, na ufa ukaingia hadi ndani ya kiungo. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa bamba la chuma na skrubu. Muundi ukivunjika katikati, mara nyingi mtu huingiziwa chuma kirefu ndani ya mfupa na kuruhusiwa kukanyaga mapema, kwa hiyo majirani walituletea mifano mingi ya fulani aliyetembea baada ya siku kumi. Wa kwake haukuwa huo. Uso wa goti ukibanwa na uzito wa mwili kabla haujashika, unadidimia, na goti lililodidimia husagika mapema. Akaambiwa asikanyage kabisa kwa wiki 12, ila goti alikunje na kulinyoosha tangu siku za mwanzo. Hapo ndipo familia nyingi hupotea: wakisikia "asikanyage", wanaulaza mguu kama maiti.

Tunaishi Mabatini, upande wa mlimani. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu ni ngazi 38, na aliyezijenga aliyafuata mawe yalivyokaa, kwa hiyo kila ngazi ina kimo chake. Kazini nafundisha kwamba kwenye kupanda mguu mzima hutangulia, na kwenye kushuka magongo na mguu mbovu hutangulia. Kanuni hiyo ni sahihi, nami naisimamia. Lakini inataka ngazi zinazolingana na mahali pa kushika. Siku ya kwanza vijana wanne walimpandisha kwenye kiti cha plastiki huku mguu wa kiti ukipinda njia nzima, nikaapa sitarudia. Njia tuliyoitumia baadaye ni ya makalio. Unakaa kwenye ngazi ya chini ukiipa mgongo nyumba yako, mguu mbovu umenyooshwa mbele, unasukuma kwa mikono miwili na mguu mzima, unajikuta umekaa ngazi ya juu yake. Kushuka ni vivyo hivyo, ila sasa miguu inatangulia kwenda chini, makalio yanafuata. Haichoshi kama magongo, na ukikosea huna pa kuangukia, tayari umekaa. Mume wangu ana kilo 90 na heshima zake mtaani, hakutaka kuonekana akiburuza makalio kama mtoto. Basi siku za kliniki tulishuka saa 11 alfajiri, na kurudi tukawa tunasubiri kwenye kibanda cha soda hadi giza liingie.

Mama mkwe alikuja kutoka Sengerema siku ya pili tangu mgonjwa afike nyumbani. Zamani ingekuwa habari ya foleni ya kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, alipiga simu akiwa Busisi, na maharage yangu hayajaiva yuko mlangoni na kikapu cha michembe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwekea mwanawe mto chini ya goti.

Kila mtu huweka mto chini ya goti. Nakiri unasaidia, maumivu yanapungua papo hapo. Shida inakuja polepole. Goti likikaa limekunjwa wiki mbili, tatu, kano na nyama za nyuma yake hufupika, nalo linakataa kunyooka. Mtu anaweza kuunga mfupa vizuri kabisa na bado akachechemea kwa sababu ya mto. Mto unatakiwa ukae chini ya shavu la mguu, goti libaki hewani lijinyooshe kwa uzito wake, na kisigino kining'inie nje ya mto, maana ngozi ya kisigino ikigandamizwa mchana kutwa inatoa kidonda. Mguu wote uwe juu kuliko moyo, la sivyo uvimbe haushuki.

Haya yote nayajua usingizini. Kumwambia mama mkwe ndiyo kazi. Akienda kuoga nauhamisha mto, akirudi anaurudisha bila kusema neno. Siku ya tatu ndipo aliposema: "Mwanangu, mguu unaumwa, wewe unauwamba kama ngozi ya ngoma?" Sikuwa na jibu la heshima, nikamwomba kazi badala yake. "Mama, nikiondoka hapa sina mtu wa kumsimamia. Ukisikia adhana tu, naomba umwambie akandamize goti lishuke hadi kwenye kitambaa hiki nilichokikunja, ahesabu tano, alegeze. Mara kumi." Kwenye mtaa wetu adhana haikosi kusikika, sisi Wakristo tunaijua saa kwa adhana kama wengine. Kuanzia siku hiyo sikuuona tena mto chini ya goti, na mgonjwa alinipigia simu kazini kulalamika kwamba mama yake ni mkali kuliko mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kuidharau karatasi yangu. "Kila saa", "mara tatu kwa siku": nani nyumbani anaishi hivyo? Saa ya nyumba ni adhana, ni taarifa ya habari ya redio, ni watoto kurudi shule, ni sufuria ya ugali kutokota. Tulivigawa. Kuchezesha kifundo juu na chini, ambako hupiga damu ya shavu la mguu irudi moyoni isigande, kukaangukia kwenye redio: wimbo mmoja, kifundo kinacheza mpaka uishe. Kulikunja goti kwa kuteleza kisigino kwenye karai la plastiki lililopinduliwa kifudifudi juu ya godoro kukawa kwa mapacha wetu wakitoka shule, maana wao walipenda kupima kwa rula kisigino kimefika wapi leo. Siku hizi mgonjwa akija kwangu namuuliza kwanza kwao kunasikika nini mchana.

Mimi nilikuwa naamka saa 10 na nusu. Maji kwanza, kwa sababu huku mlimani yakitoka yanatoka usiku, na madumu hayajijazi. Chai kwenye chupa, watoto, halafu meza ya mgonjwa. Meza hiyo ndiyo iliyoniokoa. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa natoka kazini mchana, nakimbia kupanda ngazi, namkuta anataka chaja. Nikaweka stuli pana upande wa mguu mzima: maji, dawa, redio, simu na chaja yake, kopo la mkojo lenye kifuniko, kitambaa, na magongo yameegemezwa pale mkono unapofika bila kupinda kiuno. Mama mkwe akienda sokoni Mlango Mmoja, mgonjwa hakukwama.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Wengi hutoboa kiti cha plastiki. Sipendi, miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji, na ukishakitoboa umekiondolea nguvu. Fundi seremala alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu na mikono ya kushikia, kimo chake sawa na goti la mgonjwa akiwa amesimama, au kizidi kidogo. Kikiwa kifupi zaidi hatanyanyuka bila kukanyaga. Kuoga kulitaka kidonda kifunikwe, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 usitarajie kuokota mfuko. Tulitumia nailoni iliyokuwa imefunika godoro jipya la jirani, nayo ikadumu hadi mshono ukakauka.

Sasa niseme kosa langu. Wiki ya pili nilimnyanyua kwa kumshika makwapa, haraka haraka, daladala linanisubiri kichwani. Mgongo ukakata. Siku nne nilitembea nimeinama nikiwafundisha wagonjwa jinsi ya kulinda mgongo. Wahenga walishasema mganga hajigangi. Baada ya hapo nikafanya kama ninavyofundisha: kanga imekunjwa mara nne, imefungwa kiunoni mwake kwa fundo kavu, mimi nimesimama upande wa mguu mbovu, nyuma kidogo, nimeshika kanga na si mkono wake. Yeye anasogea ukingoni, anainamisha kifua mbele, anasukuma mikono ya kiti. Ninamwongoza tu. Mwenye kilo 90 akianguka huwezi kumzuia, lakini kwa kanga unaweza kumkalisha taratibu.

Na kosa la pili lilikuwa tamu zaidi. Nilimfanyia kila kitu. Nilimvisha shati, nilimmenyea chungwa, nilimvuta aketi. Wiki ya nne alipotaka kwenda na magongo hadi barazani, mikono ikatetemeka njiani. Mikono ile inayobeba injini za mitumbwi. Mguu haukuwa na habari, mikono ndiyo niliyoidhoofisha mimi kwa mapenzi. Nikamnyima shati, akaniita mkatili mbele ya mama yake, na mama yake akaniunga mkono mimi.

Magongo nayo yana uongo wake. Watu huyaegemea kwa makwapa wanapopiga soga. Kati ya kwapa na gongo panatakiwa papite vidole viwili au vitatu, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono unaponing'inia, na uzito ukae viganjani. Kwapani unapita mshipa wa fahamu unaonyanyua kiganja, ukibanwa siku nyingi mkono unalegea. Mpira wa chini utazameni kila wiki. Mawe ya Mabatini yalimaliza wetu ndani ya mwezi, fundi viatu akatukatia mwingine kwenye tairi.

Chakula tuliletewa. Kavunjikia barabara ya Makongoro, basi kila nyumba ikaleta supu ya makongoro. Nilihesabu sufuria saba wiki ya kwanza. Ni supu nzuri, inatia hamu mtu asiyekula, lakini kinachoganda ikipoa ni gundi ya ngozi na kano, na mfupa hauungwi kwa gundi. Mfupa unataka protini ya kutosha na madini ya chokaa, na kwa hilo dagaa wa hapa hapa ziwani, anayeliwa mzima na mifupa yake, anamshinda kongoro. Sigara aliacha kwa shingo upande. Inabana mishipa midogo ya damu, na mfupa usiopata damu huchelewa kuunga. Watoto waliificha, sikuwauliza wapi.

Wiki ya tatu shavu la mguu likavimba ghafla, likawa la moto, akiligusa anaruka. Hiyo haingoji kliniki wala majani ya kukanda, na usithubutu kulichua. Damu iliyoganda mguuni ikichomoka huenda mapafuni, mtu anakatika pumzi. Tulishuka ngazi mchana kweupe, heshima ikasubiri. Altrasaundi haikuonyesha bonge. Ningeshuka tena. Nyingine ya kuogopa ni ya siku za mwanzo kabisa: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hayasikii dawa, mguu mgumu kama ubao, ukimnyooshea vidole vya mguu anapiga kelele. Hapo misuli inakosa damu, na inahesabiwa kwa saa. Na ukimwona anashindwa kunyanyua wayo uelekee usoni mwake, sema siku hiyo hiyo.

Kuna swali wagonjwa huniuliza mlangoni, wakishaaga, kwa sauti ya chini. La chumbani. Jibu langu la siku zote lilikuwa kucheka. Sasa najibu: maumivu yakiruhusu na mshono ukikauka, hakuna katazo, mwenye mguu alale chali, mguu ukae juu ya mto pale pale ulipo, na asisukume kwa mguu ule. Hasira nyingi za mwezi wa pili, nilizodhani ni za maumivu, zilikuwa za mtu aliyeamua mwenyewe kwamba amekwisha.

Nyingine zilikuwa za pesa. Fundi asiyeshuka Mwaloni halipwi. Wiki ya tano vijana wake wakaanza kumpandishia kabureta za injini barazani, akakaa na mguu kwenye benchi akizifungua. Nyumba ilinuka petroli mpaka chapati zikanuka. Nilinyamaza, kwa sababu kila alipoinama kuchukua bisibisi goti lilikuwa linakunjika zaidi ya nilivyowahi kulikunja mimi.

Wiki ya 12 picha ilionyesha mfupa umeshika. Daktari akaruhusu aanze na kilo 20. Mtu hajui kilo 20 mguuni ni kiasi gani, anakanyaga kwa hofu au anakanyaga yote. Nikaazima mizani ya kujipimia, nikaiweka sakafuni, pembeni yake kipande cha ubao chenye kimo kile kile kwa ajili ya mguu mzima. Akasimama katikati ya magongo, mguu mbovu kwenye mizani, mapacha wamelala kifudifudi sakafuni kusoma mshale.

"Kumi na mbili... kumi na nane... ishirini na tisa! Baba, umezidisha!"

Kutoka jikoni mama mkwe akaitikia: "Mwambieni ashuke hadi ishirini, ahesabu tano, alegeze."