Kabla Hujagusa Nati, Plagi Iko Wapi?

Tangu kampeni yetu ya usalama wa mashine za useremala ianze, wengi wanaokuja na malalamiko hawakuumia wakipasua mbao. Waliumia wakibadilisha bledi ya msumeno wa meza, na maelezo yao huanza vilevile: "Lakini nilikuwa nimezima."

Naamini walizima. Ila swichi kazi yake ni kusimamisha mashine, haiitengi na umeme. Goti huigusa, kipande cha mbao huiangukia. Nyingi za zamani hubaki kwenye "washa" hata umeme ukikatika, kwa hiyo umeme ukirudi bledi inazunguka na vidole vyako vikiwa ndani.

Utaratibu ni huu, na naomba usirukwe hata kama una haraka. Zima. Subiri bledi isimame yenyewe; kuikandamiza ubavuni kwa kipande cha mbao ili isimame upesi ni kosa. Chomoa plagi, kisha ilaze juu ya meza ya mashine, mbele ya macho yako, isiachwe ikining'inia karibu na soketi. Bonyeza swichi ya kuwasha mara moja kuhakikisha hakuna kinachoitika, halafu irudishe kwenye kuzima. Kama mashine imeungwa moja kwa moja na nyaya za ukutani, swichi kuu ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule yule anayebadilisha bledi. Asipewe msaidizi, asipewe mwenye nyumba, wala usitundikwe msumarini.

Glavu zinawachanganya watu. Wamesikia kwamba glavu ni hatari kwenye msumeno, na ni kweli, bledi inapozunguka: kitambaa hunaswa na kuvuta mkono. Plagi ikishachomolewa, glavu nzito ndizo zinazotakiwa, kwa sababu bledi iliyosimama bado inakata. Zivue kabla ya kuwasha tena.

Inua bledi hadi juu kabisa, toa kinga na bamba la mdomo wa meza, lile linalozunguka nafasi inapotokea bledi. Tumia spana zilizokuja na mashine, au pini ya kufungia shafti, yaani mhimili unaobeba bledi. Kwenye misumeno mingi ya meza nati hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea upande inakozungukia bledi: spana ikiwa juu, unaivuta kuja kwako. Ikikataa, hakikisha kwanza unazungusha upande sahihi kabla ya kutafuta nyundo. Wakati wa kufunga, kaza kwa nguvu za kawaida za mkono. Uzi wa nati umekatwa kwa namna ambayo mzunguko wenyewe huikaza, na anayeipigilia anajiandalia taabu ya kuifungua.

Bledi mpya isomwe kabla ya kufungwa. Kasi ya juu iliyoandikwa juu yake lazima ifikie au kuzidi kasi ya shafti: bledi ya mizunguko 6,000 kwa dakika kwenye mashine ya 4,500 ni sawa, kinyume chake hapana. Tundu la katikati liingie shaftini bila kucheza. Bledi ya tundu la milimita 30 haiwi ya shafti ya karibu milimita 16 kwa kuzungushiwa utepe, nasi tumeona utepe huo. Futa vumbi kwenye zile pete bapa za chuma (washa) zinazoibana bledi pande zote mbili, maana chembe moja tu inatosha kuifanya iyumbe. Meno ya juu yatazame unaposimama wewe.

Kisha kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi kuzuia mbao isijifunge na kukurudia. Unene wake uzidi mwili wa bledi lakini usifikie upana wa mkato. Bledi ya mkato wa milimita 2.4 ikiwekwa mbele ya kisu cha milimita 2.5, mbao itakwama, na wengi hapo hukitoa kisu badala ya kutafuta bledi inayofaa. Ukimaliza, zungusha bledi kwa mkono, ilaze hadi nyuzi 45 uone kama inagusa popote, rudisha bamba na kinga, ondoa spana, ndipo urudishe plagi. Washa ukiwa umesimama kando, uisikilize kidogo.

Kuhusu adhabu za kutumia mashine isiyo na kinga, wapo wanaodhani sheria haiwahusu, lakini jibu la "ni karakana yangu ya nyumbani" halitoshi kila mara. Mkataba Namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unakataza mfanyakazi kutumishwa kwenye mashine isiyo na kinga zake, na unamkataza yeye mwenyewe kuzilemaza. Katika nchi nyingi, ukimlipa kijana akusaidie kupasua mbao, banda lako linaweza kuhesabiwa mahali pa kazi. Mkaguzi anaweza kutoa hati ya kukutaka urekebishe, au hati ya kuzuia mashine isitumike hadi irekebishwe; kuipuuza hati ni kosa jingine, lenye faini au mashtaka yake. Masharti hutofautiana, kwa hiyo uliza mamlaka ya eneo lako kabla ya kuajiri.

Hifadhi haina mambo mengi, ingawa huharibiwa zaidi. Kabaidi, ile ncha iliyobandikwa menoni, ni ngumu lakini huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo bledi zisilundikwe jino kwa jino wala kulazwa juu ya chuma. Zining'inize kwa tundu la katikati, kwenye kigingi kinachoinama kidogo kwenda juu, huku kadibodi ikizitenganisha, mahali pakavu wasipofika watoto. Ondoa utomvu kwa maji ya sabuni na brashi laini, kausha, paka mafuta mepesi dhidi ya kutu.

Bledi iliyoanguka ikaguliwe kwenye mabonde kati ya meno. Kuigonga usikilize mlio ni kipimo cha jiwe la kunolea, hapa hakikuambii kitu. Ukiona ufa au jino limetoka, usiirudishe kigingini. Funika meno kwa kadibodi na utepe, andika MBOVU kwa herufi kubwa pande zote mbili, na uipeleke kwenye vyuma chakavu.