Kuunganisha ontolojia maana yake nini, tuanzie kwenye korosho

Ontolojia jina limetoka kwenye falsafa ila kwenye kompyuta halitishi hivyo, ni vitu vya fani fulani vimeandikwa pamoja na uhusiano wao, kipi ni aina ya kipi, kipi kinatokana na kipi. Tom Gruber mwaka 1993 aliielezea kama maelezo ya wazi ya namna tunavyolifikiria jambo, na hapo kwenye "wazi" ndo penye kazi maana kompyuta haijiongezi.

Sa njoo Tandahimba msimu wa korosho. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akiandika "korosho kilo 100" ni ghafi, na maganda yake, vile mkulima alivyoishusha mzani. Mama mbanguaji pale Mtwara mjini nae ameandika "korosho kilo 100" ila zake ni nyeupe, bado kukaanga tu. Wakikutana wenyewe wanaelewana vizuri, lakini we yaunganishe hayo madaftari, kila moja na ontolojia yake, kwa kufuata majina afu uulize jumla, kompyuta itakwambia 200 bila aibu, wakati kilo moja nyeupe inakula kama kilo nne au tano za ghafi!

Ndo maana kuunganisha ni kukaa na watu kuulizana ukisema hivi unamaanisha nini. Hapo mnatenganisha ghafi na iliyobanguliwa mnaweka uhusiano, hii inatokana na ile. Kinyume chake kipo pia, mkulima anasema mkorosho mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele anaandika Anacardium occidentale, hao ni mmoja, na OWL, lugha ya ontolojia iliyopitishwa 2004 na W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, ina namna ya kusema hivyo. Ila usikimbilie, Oidium sio ubwiriunga, ile ni kuvu, ubwiriunga ni ugonjwa unaoletwa nayo.

Kuongezea nyama ndo hatua nyingine. Daftari la karani linajua gredi na ghala, magonjwa halijui, unalivutia ya mtafiti kwamba ubwiriunga unashambulia maua na salfa inauzuia, basi ukiuliza mbona kijiji hiki magunia yamepungua kuna njia ya kufuata kurudi nyuma mpaka kwenye salfa iliyochelewa.

Na huanzi sifuri, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana msamiati wa kilimo unaitwa AGROVOC, Kiswahili kimo. Ya huku kwetu ongeza mwenyewe, uraka kwa mfano, ile pombe ya mabibo, na uufunge kwenye bibo, tunda la mkorosho, sio kwenye korosho, wazee wasije wakakucheka.