Waitaliano na vita: utani wa uoga umeficha nini

Kuna ule utani wa kifaru cha Kitaliano chenye gia moja ya kwenda mbele na nne za kurudi nyuma, umezunguka dunia nzima, na mimi ambaye kazi yangu ni kufundisha historia ya vita nausikia kila muhula. Kiukweli unaniudhi. Sio kwamba nina mapenzi na jeshi la Mussolini, hapana, ila naona umetupofusha mara mbili: hatujui kwa nini walishindwa, na hatujui walifanya nini pale waliposhinda.

Sifa yenyewe ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ni Libya, koloni la Italia, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia Desemba 1940 hadi Februari 1941, jeshi dogo la Waingereza, watu kama 36,000 hivi chini ya Jenerali O'Connor, lilitoka Misri likaingia Libya na kuteka askari wa upande wa Italia zaidi ya 130,000. Ukiangalia namba hizo tu lazima ucheke. Sasa angalia hao waliotekwa walikuwa nani: askari wa miguu jangwani, malori machache, kambi zao karibu na Sidi Barrani, ndani ya Misri, zimewekwa mbalimbali kiasi kwamba moja ikivamiwa nyingine haiwezi kusaidia, halafu anakuja Muingereza na kifaru cha Matilda ambacho mizinga yao ya kupiga vifaru ilikuwa haipenyi kabisa, na vifaru vyao vingi ni vile vidogo vya L3 vyenye bunduki za rashasha tu. Mtu wa miguu akizungukwa jangwani bila gari na bila maji atafanya nini jamani? Atasalimu amri, awe Mtaliano, awe nani.

Na kuna kitu kingine ambacho mimi nakipa uzito kuliko hata silaha, nacho ni jinsi maofisa wao walivyoishi na askari. Chakula cha ofisa kilikuwa tofauti kabisa na cha askari, hata vitani, na huyo askari mara nyingi ni mkulima kutoka kusini mwa Italia ambaye hakuna aliyemuelezea kwa nini yuko Misri. Jeshi la namna hiyo likianza kuvunjika linavunjika haraka.

Lakini hao hao wakiwa na eneo zuri na makamanda wanaokaa nao, mambo yalikuwa mengine. Keren, Eritrea, Februari hadi mwisho wa Machi 1941, divisheni mbili za Wahindi za jeshi la Uingereza zilisota karibu wiki nane kwenye ile milima kabla ya kupita, na Jenerali Lorenzini wa Italia aliuawa palepale. Tena tusisahau, wengi waliopigana upande wa Italia pale walikuwa askari weusi wa Eritrea, ambao kwenye huo utani hawatajwi kabisa. Gondar, Ethiopia, vilevile. Duke wa Aosta, mkuu wa Waitaliano Afrika Mashariki, alishasalimu amri kwenye mlima wa Amba Alagi mwezi Mei, Jenerali Nasi wa Italia akabaki Gondar mpaka 27 Novemba 1941, na waliokwenda kumtoa ni pamoja na KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Uingereza lililochukua vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Ukisema Waitaliano walikuwa wanakimbia tu, unawapunguzia na hao babu zetu walichokifanya pale. Halafu Desemba 1941 wanamaji 6 wa Italia waliingia bandari ya Alexandria wamepanda vyombo vya chini ya maji wakaziharibu manowari mbili kubwa za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Watu 6 tu!

Haya, tuje kwenye lile linaloniuma zaidi. Mtaliano wa kwenye utani ni mtu wa kuchekwa, anapenda kuimba na kula, hawezi kumdhuru mtu. Muulize Mhabeshi. Italia ilikuwa imeridhia mkataba wa Geneva wa 1925 wa kukataza gesi ya sumu vitani, na bado ilipoivamia Ethiopia, kuanzia Desemba 1935 ndege zake zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari, vijiji, mifugo, mito ya maji ya kunywa. Mwezi huohuo zikapiga mabomu hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Sweden kule Melka Dida. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa 30 Juni 1936 akaeleza yote, dunia ikasikiliza ikaendelea na yake.

Februari 1937 baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Italia nchini Ethiopia, pale Addis Ababa, Mashati Meusi, yaani wanamgambo wa chama cha Mussolini, na raia wa Kitaliano waliachiwa mji siku tatu, wakaua watu na kuchoma nyumba zikiwa na wenyewe ndani. Serikali ya Ethiopia ilitaja 30,000, mwanahistoria Ian Campbell anakadiria karibu 19,000. Mwezi Mei Graziani akaagiza watawa wa monasteri ya Debre Libanos wauawe, na aliyetekeleza ni Jenerali Pietro Maletti, akitumia askari wa kikoloni. Huyu Maletti ndiye yule aliyeuawa kwenye kambi yake ya Nibeiwa asubuhi ya kwanza ya mashambulizi ya O'Connor, 9 Desemba 1940. Yaani mtu mmoja yuko kwenye stori zote mbili, ile inayochekesha na ile isiyosimuliwa.

Sisemi wote walikuwa hivyo, maana 1942 na 1943 kuna maofisa wa Italia kusini mwa Ufaransa waliokataa kuwakabidhi Wayahudi, na hilo ni kweli na lisemwe. Ila kwa Ethiopia hakuna jenerali aliyefikishwa mahakamani. Badoglio, kamanda wa ile vita ya gesi, akawa waziri mkuu 1943. Graziani alihukumiwa miaka 19 mwaka 1950, kwa kushirikiana na Wajerumani tu, akakaa ndani miezi michache akatoka, na 2012 mji wa Affile huko Italia ukamjengea mnara wa kumbukumbu kwa hela ya umma. Kuhusu gesi, wizara ya ulinzi ya Italia ilikubali rasmi mwaka 1996.