Meko ya Ukumbi wa Pamoja na Feni ya Jikoni

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijenga meko ya kuotea moto kuanzia Nakuru hadi Njoro na Molo, ambako usiku wa Julai humkalisha mtu na blanketi mabegani. Kazi inayohitaji uangalifu kuliko zote ni ya ukumbi wa pamoja, ule wa majirani waliojenga nyumba zao kuzunguka kiwanja kimoja. Makazi ya namna hiyo yalishika mizizi Denmark, ambako mtaa wa Sættedammen ulikamilika mwaka wa 1972, na moyo wake ni nyumba ya wote yenye jiko kubwa la kupikia mlo wa pamoja. Jiko hilo na meko hugombania hewa.

Niliitwa upande wa Molo kwenye ukumbi uliokuwa ukijaa moshi kila jioni. "Fundi, ni upepo wa mlimani," mzee mmoja aliniambia. Niliwasha kijiti cha udi nikakishika kwenye kinywa cha meko, na moshi wake ukapanda wima, ukaingia dohanini kama inavyotakiwa. Kisha nikaomba feni ya kutoa mvuke jikoni iwashwe. Uzi ule wa moshi ulitetemeka, ukapinda, ukaja usoni mwangu. Feni ilikuwa ikitoa hewa nje, na kwa kuwa madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa baridi, hewa ya kuziba pengo ilishuka kupitia dohani. Nililoliogopa zaidi ni makaa yanayofifia usiku, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyesinzia karibu nayo huenda asiamke.

Kosa la pili lilikuwa la vipimo. Kwa kutaka wote waonje joto, walijengewa kinywa cha sentimita 120 kwa 90, ilhali ndani ya dohani mlikuwa na sentimita 20 kwa 20 tu. Mimi hutaka eneo la dohani lisipungue takriban sehemu moja ya kumi ya eneo la kinywa. Lile halikufikia hata moja ya ishirini na tano. Tulipunguza kinywa hadi sentimita 60 kwa 65, tukapunguza kina na kuzilaza kuta za kando zitazame nje, kama mwanasayansi Count Rumford alivyowafundisha watu wa London katika miaka ya 1790, kwani kinachompasha mtu ni mng'ao wa matofali yaliyoshika moto. Ndani tulitumia matofali ya kustahimili moto, maana mawe ya kawaida ya kuchonga hupasuka yakikabili miali moja kwa moja. Wingi wa watu tuliutatua kwa mabenchi ya nusu duara.

Mwisho tulipitisha bomba la hewa chini ya sakafu, kutoka nje hadi mbele ya meko, lenye wavu wa kuzuia panya. Nilirudia kijiti cha udi feni ikiwa imewashwa na milango imefungwa, na yule mzee akakishika mwenyewe hadi kikaisha.